Debe la Kadii

Mwaka ule wa ukame, 1984, bomba la maji la kijiji kimoja huko Ganze lilikuwa na ufunguo mmoja, na mshika ufunguo alikuwa Kadii. Alfajiri watu walipanga madebe yao foleni, kila debe likimshikia mwenyewe nafasi. Ukilisogeza lako mbele, unakwenda mwisho mwezi mzima. Sheria hiyo aliitunga Kadii mwenyewe, wala hakuwa na simile. Hata shemeji yake alimpeleka mwisho.

Kisha asubuhi moja, bila mtu kumwona, alisogeza debe lake mbele ya lile la bibi Kahonzi, kikongwe aliyetembea saa mbili kufika. La Kadii lilipojaa tu, bomba likakauka.

"Ni bahati yangu, mwanangu," alisema bibi Kahonzi. Akamshukuru, akaondoka na debe tupu.

Maji yale hayakunyweka. Kesho yake Kadii aliyarudisha, akasimama mbele ya foleni nzima, akasema yote, akautoa ufunguo. Baadhi wakaanza kumtetea, ati kila mtu hukosea.

Bibi Kahonzi akaupokea ufunguo.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Haya, peleka debe lako mwisho."