Domitila na Kelele za Marambo

Domitila Alfred hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kufungua redio. Alipokuwa binti alizifungua za baba yake kwa kisu cha mezani, akachapwa, akazifungua tena. Alipofikisha miaka thelathini na tisa alikuwa fundi redio pekee pale kijijini Marambo. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wapo wanaomwita mgeni mpaka leo, ingawa redio zao zikifa wanaijua njia ya kwake.

Mwaka huo tembo walishuka mapema. Askari wa wanyamapori wa kijiji, wakiongozwa na Bilali, walikuwa na redio za upepo. Wakiwaona tembo porini wanaita ofisi ya kijiji, na watu wanatoka kuwafukuza kwa madebe na moshi wa pilipili. Lakini tangu Aprili redio ya ofisini ilikuwa inanguruma tu. Siku ufuta wa Saada, mkulima wa bondeni, ulipokanyagwa wote, Bilali alikuwa ameita mara kumi na moja bila kusikika.

"Redio zimechoka," alisema mtendaji wa kijiji. "Tumeshaandika barua wilayani. Tusubiri."

"Nimezipima mimi, ni nzima," Domitila alimjibu. "Kuna kitu kinazipigia kelele. Na tembo hawasubiri barua."

Alikuwa na kidude alichoagiza Dar, kidogo kama flashi. Ukikichomeka kwenye kompyuta na kufungua programu yake, kompyuta yenyewe inakuwa redio. Mawimbi unayaona kwa macho, yanashuka kwenye kioo kama mvua ya rangi, na kila anayezungumza anaacha mstari wake. Domitila alipopeleka mshale kwenye masafa ya askari, alikuta mistari minene ya njano imepangana kama meno ya kitana. Sauti ya Bilali ilikuwa imelaliwa na jino mojawapo.

Akaunga antena ya fito za alumini, akazunguka nayo kijijini mchana kweupe, kompyuta kifuani. Kila alipoielekeza kwenye duka la Nurdini, mistari iliwaka.

Nurdini alikuwa na duka la jumla, na mwezi ule wa Aprili alifunga sola ya kuendeshea majokofu. Domitila alipomwambia kelele inatoka kwake, alimcheka mbele ya wateja.

"Umeme wangu unatoka juani, Domitila. Unataka kulishtaki jua?"

"Jua halina neno. Ni inveta yako hiyo, inayougeuza umeme wake uendeshe majokofu. Zima dakika moja, watu wasikie wenyewe."

"Sizimi. Nenda katengeneze redio zako."

"Haya. Usizime," alisema Domitila. "Bilali nitamsikia humohumo ndani ya kelele yako."

Alisimamisha antena juu ya mlingoti nyuma ya kibanda chake, akaigeuza ilipe duka mgongo. Kisha akakaa kwenye programu. Alibana upana wa masafa mpaka ukatosha sauti ya mtu tu, akaweka chujio pale jino lilipoangukia. Akibana mno, maneno yanakatika. Akiachia, mngurumo unarudi. Siku tatu alihangaika hivyo, akila mihogo mikavu kwa mkono mmoja. Siku ya nne, sauti iliyokwaruza ikapenya: "Marambo, Marambo, mnanipata?"

Domitila alilia, kisha akakasirika kwamba amelia.

Mtendaji alikuja kumwambia aache, maana hana kibali cha kusikiliza askari.

"Niandikie barua," Domitila alisema bila kuinua macho. "Wakati unaandika, mimi nasikiliza."

Bilali alipopata habari hiyo alikwenda mwenyewe ofisini. "Anatusikiliza sisi, na sisi ndio tunaotaka atusikilize. Ukimfunga, utatufunga wote."

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, sauti ilikuja kwa haraka: tembo kumi na wawili wamevuka mto, wanaelekea mashamba ya bondeni. Domitila alitoka mbio akigonga rimu ya gari kwa nondo. Watu walishuka na madebe, pilipili ikawashwa upande upepo unakotoka, na tembo, waliokuwa wameshafika kwenye mihogo ya kwanza, wakageuka.

Mtendaji alikuwa amesimama ofisini mbele ya redio iliyokuwa bado inanguruma. Alitoka, akaingia duka la Nurdini mpaka nyuma, akaizima inveta kwa mkono wake. Barazani pa ofisi, mbele ya watu wote, mngurumo ulikatika kama kamba, na Bilali akasikika wazi: "Wamerudi porini. Jamani, kuna mtu ananipata?"

"Tunakupata!" watu walipiga kelele, wakisahau kwamba hawasikiki mpaka wabonyeze kitufe.

Nurdini alileta fundi wa sola, inveta ikafungwa ndani ya sanduku la bati na nyaya zake zikawekewa vichujio. Hakuomba radhi. Domitila naye hakumshukuru.

Mwezi Julai alifika afisa mmoja kutoka wilayani kuandika taarifa ya redio zile. Alipouliza nani aliyegundua tatizo, mtendaji alikohoa: "Sisi kama ofisi ya kijiji..."

"Andika Domitila Alfred," Domitila alimkatiza. "Fundi redio. Marambo. Na uandike kwamba niliambiwa niache, nikakataa."

Afisa alimtazama mtendaji. Mtendaji akatazama chini. Kalamu ikaandika.