Mama Akae Mkono wa Kulia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana ofisi ya usanifu wa majengo Al Khuwair, Maskati, na mimi nilikuwa mchoraji wake. Yeye alitia saini na kunywa kahawa na wateja. Mimi nilipima, nilichora, nilifuta, nikachora tena. Miaka yote sikulalamika, maana mshahara ulikuja na dada yangu alikuwa na amani. Kisha ikaja kazi ya hekalu.

Mteja alikuwa mfanyabiashara wa Kibaniani, wale ambao familia zao ziko Maskati tangu babu wa babu. Alitaka kumjengea mama yake chumba cha ibada ndani ya nyumba yao ya Mawaleh, mfano mdogo wa hekalu la kale la mungu wao wa kike, lililoko juu ya kilima huko kwao India. Mama huyo alizaliwa Unguja na kukulia huko, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyekiokota jikoni kwa bibi yangu. Shemeji akanituma mimi. "Kaongee na huyo kikongwe," alisema. "Mimi sina wakati wa hadithi."

Hadithi ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Nilikwenda kwake alasiri nyingi, tukanywa chai ya maziwa yenye tangawizi, naye akanisimulia. Zamani, alisema, kwenye sikukuu ya usiku tisa, Mama, ndivyo alivyomwita mungu wao, alishuka kutoka kilimani akajigeuza mwanamke wa kawaida, akaingia kwenye duara la wanawake akacheza nao. Mfalme akamwona, akamtamani, akamshika upindo wa nguo. Mama akamwambia aombe kitu chochote kingine. Mfalme akacheka akauvuta upindo. Hapo Mama akamlaani, na mji wake wote ukageuka magofu, mpaka leo mbuzi wanakula majani pale palipokuwa na kiti chake cha enzi.

"Hakumpiga?" niliuliza.

"Ampigie nini, mwanangu?" yule bibi alinijibu. "Alimwacha tu, akafika mwenyewe pale alipokuwa akenda."

Mimi Mwislamu na masanamu si yangu, lakini nakiri hadithi ile niliipenda.

Akanieleza na jengo. Chumba cha ndani kabisa hakina dirisha, kuta zake nene, giza tupu isipokuwa taa ya samli, na humo anakaa Mama, jiwe lisilochongwa lenye macho mawili ya fedha. Juu yake mnara. Mbele yake ukumbi wa nguzo na kengele ya kugonga ukiingia. Na kukizunguka chumba kile kuna ushoroba mwembamba, ambao ukutani mwake hadithi nzima imechongwa kwenye mawe manne: ngoma, mfalme na upindo, laana, mbuzi. Waumini humzunguka Mama huku wakiisoma.

Nikamuuliza njia inaanzia wapi. Aliweka birika la chai katikati ya meza, akanishika kiwiko, tukaizunguka ile meza wawili sisi, polepole kwa ajili ya magoti yake. "Mama akae mkono wako wa kulia," alisema. "Daima wa kulia. Kumzunguka kwa kushoto ndivyo tunavyomzunguka maiti kabla ya kumtia moto. Hata kwa bahati mbaya, mtu hafanyi."

Nikarudi nikachora. Sijapata kuchora kitu vizuri namna ile. Nilipomwonyesha bibi alipitisha kidole juu ya kila mstari, akasema anataka jina langu lichongwe kwenye jiwe la kizingitini, kama yalivyochongwa majina ya mafundi wa hekalu lenyewe. Sikulala kwa furaha.

Wiki ile ile mwanawe alinipigia simu. Alitaka kuniambia jinsi walivyofurahishwa na ramani za shemeji yangu. Za shemeji yangu! Alikuwa amekwenda kwao mwenyewe, amekaa sebuleni mwao, akasema alichora kila mstari na kwamba mimi hupiga rangi tu kwenye kompyuta. Jina la kwenye jiwe nalo akaandikisha lake, bila bibi kuulizwa.

Nilimfuata ofisini kwake. Hata kichwa hakuinua. "Ofisi yangu, jina langu," alisema. "Wewe kuna vyoo vya lile jengo la ghorofa, vikamalize. Khalas." Nikaenda kwa dada yangu. Dada akalia, akaniambia, "Wallahi, usinivunjie nyumba kwa ajili ya sanamu la Baniani." Nikaondoka nikaenda kuchora vyoo. Watu husema mwenye kovu usidhani kapoa, na shemeji angefanya vizuri kuukumbuka msemo huo.

Maana aliiingilia ramani. Mtu wa kutia saini akipata kitu kizuri hawezi kutulia mpaka akiguse. Aliona ushoroba mwembamba, akasema watu watagongana, lazima uwe wa kwenda upande mmoja: ngazi ya kuingilia huku, mlango wa kutokea kule, unaofunguliwa kutoka ushorobani tu. Lakini huku ni wapi? Ramani yangu haikuwa na mishale wala namba za mawe. Mishale ilikuwa kichwani mwangu, na vyoo havikuihitaji.

Siku moja alipita mezani pangu, funguo za gari mkononi, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Hawa wanazunguka kama sisi kwenye Kaaba, eeh?"

Yeye amehiji mara mbili na hachoki kuwakumbusha watu. Nikamtazama. Sisi kwenye tawafu tunaiacha Kaaba mkono wa kushoto.

"Shemeji," nikasema, "wewe ndiye uliyekwenda Hija. Mimi bado."

Akacheka, akaridhika, akaenda zake. Mimi nikaendelea na choo cha ghorofa ya pili.

Mawe yalichongwa India yakaja yamefungwa kwa majani makavu. Walioyapachika walikuwa mafundi wa Kipakistani, Waislamu kama sisi, nao walifuata karatasi. Mwana wa bibi alikuwa safarini, akitazama picha kwenye simu. Bibi mwenyewe aliapa hatatia mguu mpaka Mama aingie. Nilikwenda mara moja kukagua vyoo vya wageni, nikachungulia. Jiwe la ngoma lilikuwa kulia, la mbuzi kushoto. Mtu akipita kwa njia ya haki angeanza na magofu na kumaliza na ngoma, mfalme bado hajamgusa Mama, mzima, hana kosa. Nikafunga mlango taratibu.

Siku ya kufungua, asubuhi ya kwanza ya zile siku tisa za sikukuu, tulialikwa wote wa ofisini, na dada yangu pia. Kuhani alikuwa ndani na jiwe, akiwasha taa, ushoroba hajauona. Shemeji alivaa kanzu mpya ya dishdasha na jambia la khanjari kiunoni. Alihutubia. Alisema kila mstari wa jengo lile umetoka mkononi mwake, na akalirudia hilo kwa Kiarabu kwa faida ya majirani. Bibi akaja na sinia la nazi na maua mekundu, amefunga tangu jana, miguu mitupu. Akagonga kengele. Shemeji akamshika mkono kwa adabu, akamwelekeza kulia, kwenye ngazi.

"Bibi, simama," nilisema kutoka nyuma. "Hiyo ni njia ya maiti."

Bibi akatazama ngazi, akatazama kushoto, akaona mlango usio na mkono wa kufungulia. Akaelewa. Akamkabidhi mwanawe sinia. Yule kuhani alitoka, akaona, akafunika mdomo kwa shuka lake.

Shemeji aligeuka rangi. Kisha akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Ramani kachora huyu! Yote kachora huyu! Mimi nimetia saini tu."

Miezi yote ile nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo.

"Sasa hivi umesema kila mstari wako," bibi alimwambia. "Na huyu nilimzungusha kwa mkono wangu mwenyewe. Huyu hawezi kukosea." Akamgeukia mwanawe. "Bomoeni. Atajenga huyu, na jina liwe lake. Na huyu bwana mtoeni."

Dada yangu alimfuata mumewe nje bila kunitazama, na mpaka leo hanitazami.

Watu walipopungua bibi aliniita pembeni. Hakuwa na furaha.

"Huyu hawezi kukosea," alisema tena, safari hii taratibu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu yalipopachikwa mawe, bibi."

"Ukaniacha nifunge, nivae, nije na maua yangu mpaka mlangoni kwa Mama. Ungeweza kunambia nyumbani, tukinywa chai."

"Nyumbani," nilimjibu, "shemeji asingekuwepo, wala watu wa kumsikia."