Hita Kabla ya Dari

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima joto la sebule na kuliita joto la nyumba. Nililifanya kwa ustadi, nikiwa na kipimajoto kipya, daftari nililolipiga mistari kwa rula, na kalamu za rangi mbili. Ujinga wa mvivu huonekana mapema. Wangu ulikuwa nadhifu, kwa hiyo ulichelewa kujulikana.

Nachora ramani za nyumba mjini Tarime. Sikusomea. Nilijifunza kwa video za simu katika chumba nilichopanga Turwa, kipande kimoja nikikirudia mara kumi, kwa hofu kwamba siku moja atatokea mtu wa chuo aniulize swali nibaki mdomo wazi. Hajatokea. Wateja wangu hawaulizi maswali. Wanataka bati la rangi linaloonekana tokea barabarani, basi. Mmoja wao alifunga kiyoyozi chini ya bati tupu, akawa anashinda humo ndani akichomwa utosini na kupulizwa ubavuni, na bado ananiambia hayo ndiyo maendeleo. Nilimcheka sana, na wakati huohuo nyumba niliyokuwa namjengea mama yangu ilikuwa haina dari.

Mama anaishi kijijini, Kemambo. Miaka yote alilala kwenye nyumba ya nyasi, moto wa kuni ukiwaka hatua mbili kutoka kitandani, hadi kifua chake kikaanza kupiga filimbi hata akivuka uwanja. Muuguzi wa zahanati, dada aliyepangiwa kwetu kutoka Lindi na ambaye sijawahi kumwona bila sweta, alimwambia wazi: "Mama, dawa nakupa. Lakini ukilala tena kwenye moshi ule, ni sawa na kuzitupa."

"Moshi haujawahi kuua mtu wa kwetu," mama akasema.

"Baba yako alikufa na nini?"

"Kifua," mama akajibu.

Basi nikajenga. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati la bluu. Fundi aliyejenga ananikwepa mpaka leo, maana ukuta mmoja nilimbomolesha mara mbili kwa kupinda ambako macho mengine hayakukuona. Tulipofika juu, uwezo uliobaki ulikuwa wa kitu kimoja tu. Ama tuweke dari, jua la mchana lisitupige moja kwa moja na joto la usiku lisitoroke, ama tununue mashine: feni ya mchana na hita ya usiku. Anayeijua baridi ya Tarime ya mwezi wa saba, na anayejua bati linavyowaka saa nane mchana, atanielewa kwamba lazima kimoja kifanyike.

Dari, kwa uwezo wetu, ingekuwa ya fito na udongo, kama ile iliyokuwa juu ya kitanda cha mama kwenye nyumba ya nyasi, ambako mahindi yalihifadhiwa. Nilikuwa namtoa kwenye udongo, nikaona aibu kumrudishia udongo kichwani. Hita ilikuwa na taa nyekundu na namba. Nikaenda Sirari, mpakani, kumtafutia mama hita.

"Hii ni orijino, buda," muuzaji akaniambia kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Mathe atalala kama mtoto."

"Hata kama nyumba haina dari?"

"Hita haiangalii juu, buda. Inaangalia mbele."

Mimi, niliyejifundisha namna joto linavyopanda, niliyewahi kulichorea mishale kwenye karatasi, nililisikia jibu hilo nikatikisa kichwa kukubali. Feni nikaichukua palepale.

Sasa, kwetu Wakurya, kijana aliyetahiriwa haingii chumba anacholala mama yake. Wakati wa kujenga niliingia nilivyotaka. Kitanda kilipowekwa tu, mlango ule ukawa mwisho wangu. Hita ingepaswa kukaa chumbani, lakini huko ningeshindwa kuirekebisha kwa mkono wangu, na simwamini mtu mwingine kurekebisha kitu. Nikaiweka sebuleni, nikaagiza mlango wa chumba uachwe wazi. Kila asubuhi nilitoka kwenye kibanda changu cha palepale uani kwa mama, nikaenda sebuleni, nikasoma kipimajoto, nikaandika. Namba zilikuwa nzuri. Nilizipigia mstari kwa kijani.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa akilala na mama. Siku ya nne alinikuta nimeinama juu ya daftari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unapima nini, mura?"

"Joto."

"La nani?"

"La nyumba."

"Hapo analala nani?"

Nikasema hakuna.

"Basi unapima joto la viti. Viti vinakushukuru. Mama yako alilala na makoti mawili."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilitafuta kosa dogo zaidi la kukiri. Nikaona mianya kati ya ukuta na bati, nikasema ndiyo inayovujisha joto, nikaiziba yote kwa saruji kutokea nje, vizuri, mpaka uzi wa fundi ungeona haya. Feni nayo mchana ilikuwa ikichota hewa ya moto chini ya bati na kumwagia mama usoni. Aliizima akaifunika kanga.

Baada ya kuziba mianya, hewa ya ndani haikuwa na pa kutokea. Pumzi za watu wawili na mvuke wa chai vilipanda, vikagusa bati lililopoa, vikageuka maji, na alfajiri maji yakaanza kudondoka kwenye blanketi. Mama alitoka nje akiwa amelikumbatia, akalitundika kwenye ua, na majirani wawili waliokuwa wakipita na ng'ombe wakasimama.

"Mwanangu ni msomi wa simu," aliwaambia. "Amenijengea nyumba inayokojoa kitandani."

Walicheka mpaka ng'ombe wakawapita. Siku hiyo mama alibeba godoro lake akarudi kwenye nyumba ya nyasi, kwenye moto wake. Kutoka kibandani kwangu nilimsikia akikohoa. Nilikuwa nimemtoa kwenye moshi kwa matofali, nikamrudisha kwa umaridadi. Nikalitafuta lile daftari, nikasoma namba zangu za kijani, nikajidharau kama nilivyowahi kumdharau yule wa kiyoyozi. Yeye angalau alikuwa anajipika mwenyewe.

Asubuhi nikamwambia shangazi: "Niambieni mnavyotaka."

"Tunataka dari. Tulitaka dari tangu mwanzo. Ulikuwa unatuchorea mishale."

Hita na feni nilivipeleka mjini, akavinunua yule mteja wa kiyoyozi, akiwa na furaha. Kwa pesa hizo nikapata fito, matete, misumari na fundi, kijana wa ukoo mwingine asiyezuiwa na mlango ule. Saruji ya mianya niliivunja kwa nyundo, nikiwa nje, nikaweka wavu wa kuzuia ndege, bati lipumue juu ya dari. Chumbani waliingia fundi, shangazi na wanawake wawili wa jirani, wakafunga matete, wakasiriba udongo kwa chini. Mimi nilibaki sebuleni, naumia.

"Mstari umenyooka?" niliuliza.

"Umepinda kama mguu wa mbuzi," shangazi akajibu kutoka ndani. "Kaa hapohapo."

"Umepinda upande gani?"

Walicheka, wakaendelea kusiriba. Nilitamani sana kujua. Sijauona mpaka leo, na sitauona.

Udongo ulipokauka mama hakuhama mara moja. Alimtanguliza shangazi alale peke yake, na asubuhi akamshika mikono kuona kama ina baridi. Kisha akaomba godoro lake.

Sasa mama analala kwenye nyumba ya matofali. Ile ya nyasi ni jiko, na kuni zinawaka humo wakati wa kupika tu. Akitembea haraka kifua bado kinapiga filimbi, lakini akilala hakohoi, na muuguzi amempunguzia dawa. Mimi sichori tena ramani isiyo na dari, na kabla sijachora namuuliza atakayelala humo.