Gari Lilifika, Mpwa Hakufika

Mwanangu, mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka kichwani, lakini ipo siku moja ya Desemba ninayoikumbuka mpaka vumbi lake. Ndiyo siku niliyompelekea mjomba wangu gari, naye alikuwa akimngoja mtoto.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yangu alikuwa waziri huko Kampala, na sisi, mama na watoto, tulikaa Jinja, mtaa wa Mpumudde, kwa sababu ya shule. Usidhani maisha ya mtoto wa waziri ni asali tupu. Baba nilimsikia redioni mara nyingi kuliko nilivyomsikia mezani. Lakini nikisema sikufaidi nitakuwa mwongo, na mvi na uongo havipendezi pamoja. Nikienda dukani kununua sabuni, waliotangulia walinipisha. Mwalimu aliyewachapa wenzangu kwa kuchelewa, mimi aliniuliza kama mzee hajambo. Binadamu huzoea kubebwa upesi sana, nami nikazoea.

Mwaka ule ulikuwa wa tohara. Sisi Wamasaba, watu wa milima ya Mbale, hatutahiri watoto wachanga. Kijana hungoja akomae, na mwaka wa tohara huja mmoja, ukapisha mmoja. Kabla ya siku yake kijana hufunga njuga mapajani, akaongozana na waimbaji wa kijijini kwao, akaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba akicheza, awaalike ndugu wa baba na wa mama. Tulirudi kijijini kwetu, juu kidogo ya Mbale. Mimi na Mafabi, mtoto wa baba yangu mdogo, tulikuwa tusimame kukatwa uwanja mmoja, siku moja.

Baba alikuwa bado Kampala. Alikuwa ametuachia gari la serikali, limpeleke mama mjini kununua vitu vya sherehe, pamoja na Afande Opio, askari wa kutulinda, ambaye ndiye pia aliyeliendesha. Opio alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kambini. Siku tatu kabla ya tohara niliamka nikajiona mwerevu kuliko babu zangu wote. Nikamwomba mama gari, nikamwambia Mafabi atangulie na waimbaji wake, nikatupa njuga kiti cha nyuma. Nilitaka kumaliza kwa siku moja kazi ya siku tatu.

Na nilikuwa naimaliza kweli, usicheke. Nilifika kwa shangazi, nikashuka, nikaruka mara mbili tatu, nikapewa kuku, nikapanda. Kwa babu mdogo vivyo hivyo. Watu walishangilia, watoto wakalishika gari kama wanashika ng'ombe mgeni. Kabla ya saa sita kuku walikuwa wanapigana nyuma. Kwenye barabara ya Tororo tulimpita Mafabi, mwili umejaa jasho, waimbaji wanamfuata. Nikampungia mkono dirishani, na vumbi letu likamfunika. Ndugu yangu yule! Hadi leo mkono huo nauonea aibu.

Wa mwisho alikuwa Mjomba Wamono, kaka mkubwa wa mama, mkulima wa Busiu. Huyo ndiye niliyemhitaji kuliko wote. Kwa watu wa mama yangu, mjomba ndiye anayempaka mpwa unga wa kimea na kumpa ruhusa ya kusimama uwanjani. Asipokupaka, husimami. Ungoje miaka miwili mingine, na kote milimani wataimba kwamba mtoto wa waziri aliogopa.

Tulimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikashuka, nikavaa njuga, nikacheza mbele yake kwa bidii yangu yote. Hakuinua uso. Nilipochoka nikasimama nikihema, nikamwambia nimekuja kumwalika. Mjomba alizoea kuwauzia Wakenya mahindi, na alijibu kwa Kiswahili makusudi, ili askari naye asikie.

"Nimeona gari la serikali," alisema. "Limekaribishwa. Mpwa wangu akifika, nitampaka."

Nikamwambia mpwa mwenyewe ndiye mimi. Akaokota gunzi jingine. Nikaeleza kwamba njia ni ndefu, muda ni mfupi, na watu wote wamenipokea. Akaendelea kupukuchua. Basi hasira ya kitoto ikanipanda, mwanangu, nikafanya jambo ambalo hata mama yangu sikuwahi kumsimulia. Nilimgeukia Afande Opio, mwenye bunduki begani, nikamwambia, "Afande, sema na huyu mzee."

 Opio akavua kofia.

"Mimi natumwa kulinda wewe kwa adui," akasema taratibu. "Huyu hapana adui. Huyu ni mjomba yako."

Akaiweka bunduki ukutani, akaketi chini kando ya mzee, akachukua gunzi, akaanza kupukuchua. Wote wawili wakawa wananipa migongo. Nilitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona kwamba cheo cha baba yangu kina mahali kinapokomea, na mahali penyewe palikuwa ua wa mkulima mwenye kaptura iliyochanika.

Mjomba alipoona machozi yananilengalenga, akasema tena, safari hii kwa lugha yetu na kwa upole, kwamba njia ya kuja kwake inaanzia mlangoni kwa baba yangu, na miguu ninayo. Nikamwomba Opio alirudishe gari kwa mama. Mimi nikashika barabara na njuga zangu. Haikuwa mbali nikakutana na Mafabi na watu wake. Nikasimama kando nikiwa sijui niseme nini, maana waimbaji sikuwa nao, niliwadharau wote. Mafabi alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Angeweza kunipita na vumbi lake, na lingekuwa halali yangu. Badala yake akasema, "Ingia nyuma yangu. Leo mimi ndiye wa mbele."

Niliingia nyuma. Tulimaliza nyumba zake siku ile, kesho yake tukaanza zangu upya, toka mlangoni kwetu, kwa shangazi, kwa babu mdogo, na jioni tukaingia Busiu nyayo zimechubuka na sauti zimekauka. Mjomba alisimama uani ametushikia kibuyu cha kimea. Akaniuliza mbele ya watu wote kama vile hajapata kuniona.

"Wewe nani?"

Mdomo ulishazoea kusema mtoto wa waziri. Nikayameza maneno hayo.

"Mtoto wa dada yako," nikasema.

Akanipaka, toka utosini hadi miguuni, huku analia waziwazi. Nilisimama uwanjani, na sikutikisika.

Haukupita mwaka, redio ikasoma majina ya mawaziri wapya tukiwa tunakula mchana Mpumudde, na la baba halikuwamo. Aliye juu mngoje chini, wanasema, lakini waliotungoja chini walikuwa wachache. Gari likaenda, Opio akapangiwa kwingine, na dukani nikaanza kupanga foleni. Baba alikaa siku nne bila kutoka nje. Siku ya tano mtu alishuka kwenye basi la Mbale na gunia la mahindi, akauliza mlangoni, "Shemeji yangu yuko?" Alikuwa Mjomba Wamono. Hakutaja uwaziri hata mara moja. Alikula, akalala siku tatu, na akamtoa baba kutembea.

Basi nisikie, mwanangu. Cheo cha mzazi ni nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Usikivae uendapo kwa watu wako. Usimtume mwenye silaha akuombee heshima. Anayekupisha kwa hofu usimhesabu kuwa ni rafiki, na anayekukatalia kwa upendo usimwite adui. Ukikosea, rudi uanze mlangoni, hata kama mwenzako ndiye atakayekuwa mbele.

Mungu akupe miguu isiyoona haya kutembea. Akupe mjomba wa kukukatalia, na siku nyumba yako itakapokuwa kimya, akuletee mtu mlangoni anayelijua jina la mama yako.