Gari Lililoshindwa na Kilima

Shangazi yangu ni mkunga, na wajawazito wake wengi wanaishi juu ya kilima. Alikuwa anatafuta gari la kumfikisha huko kabla mtoto hajamtangulia. Dalali wa magari, mwanamume mwenye maneno mengi na maarifa haba, alimwendesha mizunguko miwili uani kwa mwendo wa kobe, redio ikipiga kelele.

"Umeona, mama? Limetulia!"

Shangazi akazima redio, akahamia kwenye usukani. "Sasa twende kilimani."

"Kilimani tena? Wenzako huangalia rangi tu."

"Nimeshapokea vichwa vigumu kuliko chako, mwanangu. Funga mlango."

Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Katikati ya mlima gari lilikohoa, likazimika, likaanza kurudi nyuma. Shangazi akakanyaga breki.

"Na kama ningekuwa na mzazi humu ndani?"

"Mafuta tu, mama, yamepungua."

Mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa. Hata kudanganya kwenyewe hakukuweza! Shangazi akamrudishia ufunguo, akachukua mkoba wake wa kazi, akamalizia kilima kwa miguu.