Mwari wa Altare

Mwaka uliofuata kifo cha mume wangu, padre aliniomba nidarizi kitambaa cha altare kwa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Alinipa picha iliyochujuka: ndege mkubwa juu ya kiota, anajidonoa kifua ili awanyweshe makinda yake damu.

"Huyu ni mwari," aliniambia. "Ndiye Kristo mwenyewe. Keti tu na sindano, Roho Mtakatifu atakuongoza mkono."

Niliketi. Chumba changu kiko kichochoroni nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na tangu watoto wahamie Nairobi, sauti ya humo ndani ni ya feni tu. Nilisali, nikangoja, nikashona. Kichwa kikatoka cha kunguru. Nikafumua, nikashona tena. Kunguru yule yule.

Jirani wa juu, mama mtu mzima anayedarizi kofia, alishuka kuniletea kaimati, akakiona kitambaa mapajani mwangu. Nikamweleza.

"Mwari?" akauliza. "Kwetu mwari ni msichana aliyewekwa ndani."

"Huyu ni ndege, mama. Anawalisha wanawe kwa damu yake."

"Mimi sishoni chenye roho," akasema, "lakini mshono nitakuonyesha."

Akachukua kipande cha kitambaa chake, akanionyesha namna ya kupitisha uzi mfupi mfupi hadi mstari ujikunje. Shingo ya mwari ikapata kupinda. Tangu hapo akawa akishuka kila alasiri, yeye na kofia yake, mimi na ndege wangu.

"Na hao watoto wakishashiba?" aliniuliza siku moja.

"Picha haionyeshi."

"Wangu wako Muskati," akasema, akaendelea kushona.

Makinda walikuwa hawajashonwa mwana wa jirani alipokuja kumchukua ahamie Muskati. Tuliagana ngazini, amenishika mikono miwili. Makinda niliwamaliza peke yangu.

Siku ya sikukuu, nikiwa benchi la nyuma, niliiona shingo ile imepinda vizuri, nikatamani kumgusa mtu kiwiko nimwonyeshe. Baada ya Misa padre alinishukuru mlangoni.

"Naona Roho alikuongoza."

"Alishuka kila alasiri, padre."

Akatabasamu, akamgeukia mwingine.

Nyumbani nilimtumia binti yangu picha kwa simu. Akajibu, "Bata mzuri, mama." Nilianza kumwandikia habari za mwari, nikafuta. Nikamwambia ahsante, nikapasha moto wali wa jana.