Waya wa Kuanikia Nguo

Mwanangu, kabla hujapanda tena kwenye hilo bati, nisikilize. Ipo siku moja ambayo sijaisahau, na tangu jana nilipoona umepitisha waya juu ya bati kwenda kwenye taa ya vifaranga, siku hiyo imenirudia yote.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa hapa Rungwe, nimetoka kwetu Iringa. Siku hizi mnacheka, lakini wakati ule mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Ukimsikia anakohoa njiani, unapisha, unajificha. Humsemeshi, naye hakusemeshi. Nilikuwa nimekaa miezi na miezi, hajawahi kusikia sauti yangu.

Mume wangu alivuta waya wa umeme toka nyumbani hadi jiko la nje, akaupitisha juu ya bati, kama ulivyofanya wewe. Na waya wa kuanikia nguo, wa chuma, ulifungwa kwenye msumari wa bati hilohilo, ukaenda mpaka kwenye mparachichi. Asubuhi moja ya manyunyu naanika nguo, vidole vikafa ganzi. Nikamwambia. Akasema ni baridi, sijaizoea. Kana kwamba Iringa nilikuwa naishi kwenye joto. Akaenda zake sokoni Mwanjelwa kuuza ndizi.

Mchana mvua ikazidi kidogo. Niko jikoni, nikasikia kikohozi cha mzee, nikajibanza nyuma ya mlango. Kwenye upenyo nikaona mambo mawili kwa pamoja: pale kwenye msumari panatoa cheche, na baba mkwe anatoka shambani, peku, anakanyaga majani yaliyolowa. Ameona waya wa nguo umelegea. Akaweka jembe chini, akanyoosha mkono ili aukaze.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa atakufa, na niliogopa kumwita, na kwa kitambo sikujua naogopa kipi zaidi. Halafu nikapiga kelele: "Baba, acha! Usiguse, una umeme."

Mkono ukaishia hewani. Nadhani hata hakuyaelewa maneno; kilichomsimamisha ni ile sauti ya mkwe. Akanigeuzia mgongo, nami nikaugeukia ukuta.

"Umeme uko wapi?" akauliza, uso kauelekeza kwenye mparachichi.

"Kwenye huo waya, baba. Sogea mbali."

Nikakimbia ndani kuzima swichi kuu.

Fundi alipokuja akakuta waya umesuguliwa na ncha ya bati mpaka ganda limetoka. Akatueleza kwamba umeme unakuja na waya mmoja na kurudi na mwingine, lakini ukipata upenyo wa kwenda ardhini unapita, hata kama njia yenyewe ni mtu. Mimi asubuhi niliokolewa na kandambili. Mzee, peku kwenye maji, asingepona.

Jioni akaja mama mkwe. Nikajua leo naitiwa kikao. Kumbe ametumwa: "Mzee anasema ndaga, yaani asante. Na anasema, adabu ya kumzika haitaki."

Basi, mwanangu, bati au chuma kikikuchoma vidole, usikubali kuambiwa ni baridi. Zima swichi kuu, ita fundi. Waya wa umeme usilale juu ya bati, wala usiungwe kwa selotepu. Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Zima kwanza, na ukishindwa kuzima, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame pakavu. Na ukiona mtu ananyoosha mkono pabaya, awe mkubwa wako, awe mchungaji, mpigie kelele. Utamwomba radhi baadaye, akiwa hai.

Mungu aitunze mikono yako mpaka ibebe wajukuu. Sasa nenda kazime swichi kuu, uutoe ule waya. Mimi nipo hapa mlangoni. Ukishazima niite, niisikie sauti yako.